Saa ya Bwana Majira

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, kabla hujaanza kumtafuta mjinga huyo kati ya watu wengine watatu wa kisa hiki, maana mimi ndiye msimulizi na msimulizi hujipendelea. Baba yake Wino alikuwa na haki ya kununa, Shangazi yake alikuwa na haki ya kucheka, na Wino mwenyewe, mchoraji wetu, alikuwa na haki ya kunitoboa kwa penseli. Mimi sikuwa na haki yoyote. Nilikuwa na shati jipya tu.

Studio yetu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Tulikuwa tunatengeneza filamu ya katuni ya mashujaa wanne: Jabali, kiongozi, anayeinua malori, Sikio, anayesikia siri zilizo ng'ambo ya mji, Utelezi, ambaye hakamatiki hata na nguo zake mwenyewe, na Cheche, msichana anayetoa moto viganjani. Hadithi niliandika mimi. Kabla ya hapo nilipaka rangi mabango ya maduka, nikaandika nambari za magari, nikafukuzwa kazi mara tatu, mara mbili kwa haki. Pale studio waliniita Kifutio, kwa sababu nikiandika mstari mmoja nafuta miwili.

Aliyenipa jina hilo ni Wino. Yeye ndiye aliyemchora Cheche. Wenzake wote walichora kwenye skrini, lakini Wino alianza na karatasi, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikuwahi kutakata. Akicheka, jicho la kushoto lilijifumba kidogo, kama linakukonyeza bila yeye kujua. Nililitazama jicho hilo miezi kumi na moja. Kwa muda huo huo baba yake alikataa kunitia machoni.

"Mtu anayeishi kwa kuandika habari za watu wasiokuwepo," mzee alimwambia binti yake, "siku moja atakuachia mume asiyekuwepo."

Mzee alikuwa fundi saa. Saa za ukutani, za mkononi, hata ile kubwa ya kituo cha treni, zote zilipita kwenye meza yake. Na sasa alikuwa ametoa amri, mbele ya wateja wake: ikifika mwisho wa mwezi, Wino aweke penseli chini, arudi dukani, akae kwenye kiti cha pembeni yake. Sababu hakutoa. Zilikuwa zimebaki wiki moja na siku mbili.

Ndipo nikapata akili yangu ile ya kukodi.

Studio ilikuwa na desturi tuliyoiita Ijumaa ya Jamaa. Kila baada ya miezi mitatu tunaalika ndugu zetu waitazame filamu ikiwa mbichi, michoro mingine bado ya penseli, sauti tumejirekodi wenyewe kwa muda. Tunazima taa, mimi nakaa nyuma, nasikiliza wanacheka wapi na wanakohoa wapi. Watu wakikohoa sana, hapo pameoza. Basi nikaona: nimwalike mzee. Aone kazi ya mwanawe, moyo ulainike, aniite mwanangu. Nikaandika kadi kwa mwandiko wangu wa mabango, nikaipeleka dukani kwake mchana alipokwenda kula. Wino sikumwambia.

Ijumaa saa tisa wakaingia. Mzee mrefu, koti limepigwa pasi hadi linakwaruza, na nyuma yake Shangazi, dada yake, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na macho yasiyokosa kitu. Wino alikuwa anafunga pazia. Aligeuka, akamwona baba yake, kisha akanitafuta mimi chumba kizima. Yale macho, msomaji, yangewasha sigara.

Akanifuata nyuma, akanong'ona, "Nani amemwalika?"

"Nilitaka iwe ghafla."

"Ajali pia huwa ghafla."

"Wino, ataona unavyochora. Atayeyuka."

"Umeniuliza?"

Taa zikazimwa kabla sijajibu. Hiyo ndiyo bahati ya mwisho niliyopata siku ile.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri kupita kiasi. Cheche alipokimbia juu ya mapaa, nywele zikimfuata nyuma kama moshi, nilimwona mzee akiinama mbele kwenye kiti. Kazi ile ilimchukua Wino wiki tatu, amejifungia na Cheche wake, hakuona mchoro wa mtu mwingine wala kurasa nilizoongeza. Utelezi alipopotelea ndani ya soksi zake, mzee alicheka kwa pua. Nikajipongeza. Nikaanza hata kuwaza nitavaa nini siku ya mahari.

Kisha akatokea adui, Bwana Majira.

Bwana Majira alimfungia Cheche kwenye mnara wa saa. Mrefu, koti limenyooka. Cheche akamwomba amfungulie. Bwana Majira akavua saa ya mkononi taratibu, akaitia ufunguo mara tatu, akailaza kifudifudi mezani. Mji mzima ukaganda: ndege angani, maji yakimiminika kutoka bombani, mtoto na mpira wake. Akakohoa kidogo.

"Hapana," akasema. "Na sirudii."

Sauti ilikuwa yangu. Kikohozi pia. Nilijisifu sana kwa kile kikohozi.

Halafu Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani sokoni, akasema:

"Kaka, mbona umepanda ukutani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wino alikuwa na mchezo wake wakati wa chakula: kumwigiza baba yake anavyokataa jambo. Saa inavuliwa, inatiwa ufunguo mara tatu, inalazwa kifudifudi, kikohozi, hapana na sirudii. Nilicheka hadi machozi siku ya kwanza. Nikaenda na igizo hilo nyumbani, nikaliandika, nikalipenda, na baada ya miezi minane nikaamini nimelibuni mwenyewe. Mwizi akikaa na mali muda mrefu, huanza kukumbuka duka alilonunulia.

Filamu iliendelea hadi mwisho, Jabali akavunja mlango wa mnara, akambeba Cheche, lakini hakuna aliyecheka tena wala kukohoa. Taa zilipowaka, wenzangu walikumbuka wote kwa pamoja kwamba kuna chai chumba cha pili. Tukabaki wanne. Wino alisimama kando ya skrini, penseli sikioni, uso hauna rangi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakuitikia.

"Kijana," alisema, "yule mtu anataka nini?"

"Mtu gani, mzee?"

"Usinifanye mtoto. Mwenye saa."

"Bwana Majira? Ni… ndiye adui, mzee. Anataka kuusimamisha mji."

"Ausimamishe ili iweje?"

"Kwa sababu ni mbaya."

Shangazi akasonya. "Ubaya si kazi, mwanangu. Hata mbaya huamka asubuhi na jambo lake."

"Na msichana, anamfungia kwa nini?" mzee akauliza.

"Asitoke."

Nilijisikia mwenyewe nikilisema hilo. Laiti ningelikuwa na kifutio cha kweli.

"Baba," Wino akaingilia, "sikujua kama ameliweka. Naapa. Nilikuwa nakuigiza kwa wenzangu, kwa utani tu. Hilo ni kosa langu. Kulipachika pale ni kosa lake."

"Mimi sikasiriki kwa kuigizwa," mzee alisema. "Mafundi wangu wote wameniigiza. Nakasirika kwamba mmeniigiza vibaya." Akavuta kiti, akakaa karibu na meza yangu. "Kijana, sogea. Wewe umeandika kwamba mtu anavua saa ili atishe watu. Tazama."

Akavua saa yake. Saa ya zamani, uso mweupe, mkanda wa ngozi uliochakaa pale pale tundu la tatu. Akaishika kwa mkono wa kushoto.

"Usitazame saa. Tazama mkono wa kulia."

Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Si sana. Kama jani lenye mdudu upande wa chini. Kisha vidole vikashika kile kitufe kidogo cha kutilia ufunguo, vikazungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, na mtetemeko ukakoma.

"Mwaka wa tatu huu," alisema. "Nikitaka kusema neno zito, naupa mkono kazi kwanza. Neno la mtu anayetetemeka halisikilizwi."

Chini yetu mtu alikuwa anapigapiga godoro kuonyesha mteja. Shangazi alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba na hakukipata.

"Miaka mitatu," Wino alisema polepole. "Hukuniambia."

"Ningekuambia, ungerudi dukani kwa huruma. Nilitaka urudi kwa kupenda."

"Ndiyo maana ukaniamuru?"

"Hapo umepatikana, kaka," Shangazi akasema ndani ya mkoba.

Nilimtazama Wino. Macho yake yalikuwa yamejaa, na nilidhani sasa atainama, atasema ndiyo Baba, nitarudi, na mimi nitabaki na mashujaa wangu wa penseli hadi nizeeke. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye magodoro.

Hakuinama. Alifuta jicho kwa kiganja, akajipaka wino shavuni, akasogea hadi mbele ya baba yake.

"Baba, nilikuwa na miaka tisa uliponipa kibano. Ukaniambia, saa iliyo wazi haipumuliwi. Unakumbuka? Nikazuia pumzi hadi nikaona nyota. Leo nachora mtu anayepumua, na watu wanaamini anapumua, kwa sababu wewe ulinifundisha kuizuia yangu. Umeona Cheche anavyokimbia?"

"Nimeona."

"Umeonaje?"

Mzee aliigeukia skrini tupu. "Kisigino cha nyuma," alisema mwishowe. "Kinachelewa kunyanyuka. Kama cha marehemu mama yako."

"Ni chake. Huyo ndiye niliyemchora." Sauti ilimkatika, akaiunganisha. "Basi dukani sirudi. Nitakuja kila Jumamosi, nitashika kile usichoweza kushika, na hutanizuia. Lakini kiti changu kiko hapa. Siendi kukaa pembeni ya mkono wako nikisubiri uzidi kutetemeka."

"Unanijibu mbele ya watu?"

"Wewe ndiye uliyenikataza mbele ya watu. Nakufuata nyayo."

Nilitabasamu. Kosa jingine. Wino aligeuka kama feni.

"Na wewe unacheka nini? Zamu yako imefika. Cheche anataka nini?"

"Cheche?"

"Baba ameuliza adui anataka nini. Mimi nauliza shujaa. Jabali umempa kurasa tatu za utoto, tumejua mpaka mbwa wake alikufa lini. Utelezi ana sababu ya kuchukia soksi. Sikio anaogopa ukimya. Cheche anataka nini?"

"Anataka kutoka mnarani."

"Kila aliyefungiwa anataka kutoka. Kabla hajafungiwa alitaka nini?"

Nilifungua muswada. Kurasa tisini na nne. Nilipekua kama mtu anayetafuta tiketi huku mkaguzi amesimama. Mwanzoni kabisa, mbele ya jina lake, nilikuwa nimeandika maneno mawili: jasiri, mrembo.

"Ana moto," nikasema.

"Hata jiko lina moto."

Shangazi akakaa chini. Alihitaji kukaa.

"Wino, nisikilize. Nilimwandika hivyo kwa sababu… kila nilipomwandika, nilikuwa nakuona wewe. Nikawaza, nimtoe mle. Nimbebe. Nikutoe kwenye lile duka."

"Nani alikwambia nataka kubebwa? Nina miguu. Umeiona, nimeichora." Alikuwa karibu sasa, nikasikia harufu ya karatasi na sabuni. Akashusha sauti, lakini haikupungua ukali. "Mwisho wa filamu Jabali anamwambia Cheche, utakuwa wangu? Naye anasema ndiyo. Ile ndiyo ni sauti yangu. Ulinirekodi mara sita, ukisingizia kelele za magodoro."

"Zilikuwepo kelele."

"Ya nne haikuwa na kelele. Ile ya nne nilikuwa nakutazama wewe kupitia kioo cha chumba cha kurekodia, Kifutio. Niliisema kwako. Wewe ulikuwa unatazama mashine."

Nimepigwa mara nyingi maishani. Mwenye nyumba amewahi kunitupia godoro langu barabarani mvua ikinyesha. Halikuniuma kama ile ndiyo ya nne.

Mzee akakohoa. Kile kikohozi chenyewe, na kwa kweli changu kilikuwa cha bei rahisi. "Haya mambo ya ndiyo na kioo mimi siyajui. Ninachojua ni kwamba mtu huyu hajaleta mjumbe wala barua. Amekuposa kwenye katuni. Na kwenye katuni hiyo hiyo mimi nimefanywa jini la saa. Halafu unataka nikuache ukae naye hapa?"

"Mzee ana haki," nikasema. Na ilikuwa kweli, kwa hiyo ilinitoka bila utani, jambo lililonishtua mimi mwenyewe. "Nimekuandika bila kukujua. Hiyo nitaifuta, na safari hii nitaandika sababu. Lakini yeye sitaki kumwandikia jibu tena." Nikamgeukia Wino. Shati jipya lilikuwa limenigandia mgongoni. "Sina mabega ya Jabali. Nimefukuzwa kazi mara tatu. Sitakubeba popote. Nakuomba tu tutembee pamoja, wewe kwa miguu yako. Nioe… yaani, nikuoe… Wino, tuoane?"

"Hata sentensi moja hakuimaliza bila kufuta," Shangazi akasema, lakini kwa upole.

Wino alinitazama. Lile jicho la kushoto lilijifumba kidogo, likajirudi haraka kama lililokosea nyumba.

"Nitakujibu nikimaliza na Baba," alisema.

"Umeshamaliza," mzee akasema. Akasimama. Alichukua saa yake, akaitia ufunguo mara tatu, na safari hii sote tulijua tunatazama nini, hata tukaona aibu kutazama. Akailaza kifudifudi juu ya muswada wangu. Akakohoa.

"Hapana," alisema. "Na sirudii."

Ingekuwa katuni, ndege wangeganda angani. Lakini chini yetu waliendelea kupigapiga godoro, na chumba cha pili mtu alicheka, na Wino akanyoosha ule mkono wake wenye vidole viwili vyeusi. Akaichukua saa. Akaigeuza, akaitega sikioni kama alivyofundishwa, akasikiliza, akairekebisha dakika mbili zilizokuwa zimechelewa. Kisha akaivaa. Mkanda ulikuwa mkubwa. Akautoboa tundu jipya kwa ncha ya penseli.

"Rudisha saa yangu," mzee alisema.

"Sirudishi."

"Nitajuaje saa?"

"Dukani zimejaa ukuta mzima, Baba."

"Nataka hiyo. Nimekwambia hapana, na saa yangu iko mkononi kwako. Maana yake nini?"

Wino alivuta mkono wa shati lake juu ya ile saa, akalifunga kifungo, akanitazama mimi kwanza, kisha baba yake.

"Maana yake utaikuta mkononi mwangu siku ya ndoa yangu. Ukiitaka, njoo. Na usichelewe."